Dawa Isiyojua Undugu

Kuna rangi ambayo Kikoneni haimsamehe mwanamke: ile inayokuja bila maelezo. Ukizaliwa mweupe, sawa, Mungu kapenda. Lakini ukizaliwa mweusi, ukakaa mweusi miaka arobaini na kitu, halafu uso wako uanze kufifia kama leso iliyofuliwa mara nyingi, watu wana jibu kabla hujaulizwa. Mkorogo huo. Anajichubua. Na kwa umri ule, mwenzangu, anamtafuta nani?

Hivyo ndivyo walivyosema juu ya mama yangu mdogo, anayeuza mahamri na mbaazi karibu na stendi ya bodaboda. Walianza wateja wa asubuhi, kwa utani. Akafuata wifi yake, bila utani. Mwisho ikafika kwenye darsa la akina mama, ambapo mawaidha ya siku yalihusu wanaobadilisha maumbile, na kila mtu akajua pa kutazama bila kuonyeshwa.

Hakuwa akipaka kitu. Mafuta yake ni ya nazi, ya kukamua mwenyewe. Alichokuwa akifanya ni kumeza kidonge kimoja cha miligramu 400 kila siku baada ya chakula cha mchana, na bilauri kubwa ya maji. Kidonge hicho kinaitwa imatinibu. Wengine wanakijua kwa jina la kibiashara, Glivec. Bila hicho tungekuwa tumeshamzika.

Ugonjwa wake ulianza kama uchovu. Akakonda, akawa anatoka jasho la usiku mpaka shuka inalowa, na tumbo upande wa kushoto likawa gumu. Sasa huku Kwale, ukimwambia mtu una homa, jasho na bandama iliyovimba, atakuambia malaria kabla hujamaliza sentensi. Alimeza dawa za malaria mara tatu. Mtu fulani wa maabara ndiye aliyeangalia damu yake kwenye hadubini na kuona chembe nyeupe zimejaa kama watu wa feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Akapelekwa Mombasa, kisha Nairobi. Jibu likaja: saratani ya damu, ile sugu inayoanza polepole kwenye uboho.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha chuo. Mwaka wa pili wa biokemia, karo ikakatika, basi. Siku hizi naandikia watu makala kwa malipo ya neno. Juzi nimemaliza maneno elfu moja juu ya magodoro. Lakini kijijini, mtu aliyewahi kukanyaga chuo haachwi. Kwa hiyo jioni moja Mama mdogo alinifuata barazani, akakaa, akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu. Viganja, vidole, mpaka kwenye kiwiko: rangi ya chai ya maziwa.

“Wewe si ulisoma mambo haya? Niambie. Hii dawa inanitibu au inaniumbua?”

Jibu ni kwamba vyote viwili vinatoka kwenye kitu kimoja. Ili nimweleze, ilibidi nianze na muhuri.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna protini za kazi ziitwazo kinesi. Ni aina ya vimeng'enya, na kazi yake ni kama ya karani wa ofisi ya chifu: anapiga muhuri. Barua bila muhuri haisongi. Ikipigwa muhuri, inaenda mbele na mtu mwingine anaanza kazi. Muhuri wenyewe ni chembe ya fosfeti. Kinesi huichomoa kutoka kwenye molekuli iitwayo ATP, ikaibandika kwenye protini nyingine, na protini hiyo ikabadili mwenendo: imewaka, imezima, imehama, imegawanyika. Edwin Krebs na Edmond Fischer waligundua utaratibu huu mwaka 1955 wakichunguza misuli, kule Seattle, Marekani, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Jenomu ya binadamu ilipohesabiwa vizuri, mwaka 2002, zilipatikana jeni za kinesi 518. Kati ya hizo, takriban 90 ni ukoo mmoja unaopiga muhuri mahali maalumu tu, kwenye asidi ya amino iitwayo tairosini.

Ugonjwa wa Mama mdogo unatoka kwenye ukoo huo. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, mjini Philadelphia, waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwenye damu ya wagonjwa wa saratani hii. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Kwenye mabadilishano hayo, jeni ya kinesi iitwayo ABL inang'olewa kwake na kuunganishwa na jeni nyingine, BCR. ABL ya kawaida hupiga muhuri ikiagizwa. Ikishaungana na BCR, inapiga mchana na usiku bila kuagizwa na mtu. Seli za damu zinaambiwa zaaneni, zaaneni, zaaneni, na zinatii.

“Kwa hiyo dawa inamnyang'anya karani muhuri,” akasema.

Karibu. Inaingia kwenye kile kishimo ambamo ATP hukaa, inajibana humo, na karani anabaki hana wino.

Tatizo ni kwamba kinesi zote 518 zina kishimo cha ATP, na vishimo hivyo vinafanana sana. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini haiwezekani kuziba kimoja bila kuziba vingine, na ukiviziba vyote mtu anakufa. Kwenye kampuni ya Ciba-Geigy, mjini Basel, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa Novartis, walianza na molekuli iliyokuwa ikizuia kinesi tofauti kabisa, PKC. Wakawa wanaibadilisha kidogo kidogo na kupima. Walipoongeza kikundi kimoja cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, ikaiacha PKC na kubaki na ABL na wenzake wachache. Daktari Brian Druker wa Oregon akaanza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Mei 2001 ikaidhinishwa Marekani. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa waliotumia dawa hiyo, asilimia 89 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na asilimia 83 baada ya miaka kumi.

Nilimtajia Mama mdogo namba hizo mbili. Akaniomba nizirudie.

Hapa niseme jinsi mambo haya yanavyopimwa, maana watu husikia “utafiti” wakafikiri ni kuangalia tu. Praktiko yetu ya kwanza ya vimeng'enya chuoni ilikuwa ya mate. Unatema kwenye tyubu, unachanganya na wanga, na kila nusu dakika unadondosha iodini uone kama wanga bado upo. Ulichoshika si kitu, ni kasi. Kinesi nazo hupimwa hivyo hivyo, kwa vifaa vya ghali zaidi. Unaipa kazi, unahesabu mihuri inayopiga kwa dakika, halafu unaongeza dawa kidogo kidogo mpaka kasi ishuke nusu. Kile kiasi cha dawa kilichoishusha nusu ndicho unachoandika. Rudia kwa ndugu zake wote, na utakuwa na jedwali linaloonyesha nani anakamatwa na nani anaponyoka.

Na kwenye jedwali la imatinibu kuna ndugu watatu nataka uwajue: SRC, ABL na KIT. Wote watatu walijulikana kwanza kupitia virusi vinavyoleta saratani kwa wanyama. SRC kwa kuku, kupitia kirusi alichokieleza Peyton Rous mwaka 1911. ABL kwa panya. KIT kwa paka. Kuku, panya, paka. Nilipofika hapo Mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile, akasema saratani yake ina zizi zima.

SRC na ABL ni ndugu wa karibu. Ukilinganisha herufi za sehemu zao za kazi, karibu nusu zinalingana, na ndani ya kishimo chenyewe kufanana ni kukubwa zaidi. Zote mbili hukaa ndani ya seli. KIT ni binamu wa mbali kidogo: yeye hukaa kwenye ukuta wa seli, kichwa nje, mkono ndani, akisubiri ujumbe kutoka nje.

Ungetegemea nini? Ungetegemea dawa ya ABL imkamate SRC kabla ya KIT. Damu nzito kuliko maji. Lakini jedwali linasema kinyume. Imatinibu inaikamata ABL, inaikamata KIT kwa nguvu zinazokaribiana, halafu kwa SRC inashika vibaya zaidi ya mara elfu moja. Ndugu wa karibu kaachwa, binamu kachukuliwa.

Na huyo binamu ndiye aliyemharibia Mama mdogo jina.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinaitegemea KIT. Bila ujumbe wake kupita, hazifanyi kazi ipasavyo. Wapo watu wanaozaliwa na jeni ya KIT yenye kasoro, na mara nyingi wana mabaka meupe kwenye paji la uso na tumbo tangu siku ya kwanza, na shungi jeupe la nywele kwa mbele. Imatinibu haibagui KIT ya mgonjwa na KIT isiyo na hatia; inazima zote mwilini. Rangi inafifia. Kwa Mzungu daktari anaweza asione kitu. Kwa mwanamke wa Kikoneni mwenye ngozi nyeusi, kijiji kizima kinaona. Aghalabu rangi hurudi dawa ikipunguzwa au ikiachwa.

Sifa hiyo hiyo ya kumkamata KIT inaokoa watu wengine. Kuna uvimbe wa saratani wa tumboni unaosababishwa na KIT iliyowaka bila kuzimika, na imatinibu iliidhinishwa kuutibu mwaka 2002. Kwa mgonjwa yule, KIT ndiyo shabaha. Kwa Mama mdogo ni ajali ya njiani. Kidonge ni kile kile.

“Na huyo SRC?” akauliza. “Yeye kwa nini kaachwa, na wewe umesema ni ndugu?”

Sikutegemea aulize hilo, ila ni swali ambalo maabara kubwa zilikaa nalo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2000 timu ya John Kuriyan ilichapisha picha ya ABL ikiwa na dawa ndani yake. Picha ilionyesha kwamba dawa inaishika kinesi ikiwa katika mkao wa kupumzika, si ikiwa kazini. Maelezo yakaonekana rahisi: labda SRC haiwezi kukaa mkao huo. Lakini baadaye SRC nayo ikapigwa picha ikiwa na dawa, na mkao ulikuwa ule ule. Sura ile ile, mahali pale pale, na bado dawa haidumu.

Jibu lilitoka kwenye kupima kasi. Mwaka 2014 timu ya Dorothee Kern, Chuo Kikuu cha Brandeis, ilifuatilia hatua kwa hatua dawa inapoingia. Wakakuta kwamba kuingia kwenyewe hakutofautiani sana. Tofauti inakuja baada ya hapo. ABL, dawa ikishakaa, inajikunja na kuifungia ndani. SRC haijifungi vizuri, na dawa inatoka tena. Nilimweleza Mama mdogo hivi: mgeni kapiga hodi nyumba mbili, zote zimemkaribisha. Nyumba moja imefunga mlango nyuma yake. Nyingine imeuacha wazi, na upepo unapita.

Mwaka uliofuata wakaenda mbali zaidi. Kwa kulinganisha kinesi za viumbe wengi wa leo, walikisia mfuatano wa babu wa pamoja wa ABL na SRC, wakamtengeneza upya maabara, wakampima na dawa. Babu alikuwa katikati: hashiki kama ABL, haachii kama SRC. Vizazi vikagawanyika, mmoja akaenda huku, mwingine kule, bila dawa yoyote kuwepo duniani.

Sisi Wadigo tunajua kidogo mambo ya koo kutofuata njia unayoitegemea. Zamani mali ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada, na kesi za urithi kati ya utaratibu huo na sheria ya Kiislamu zilisumbua mahakama tangu enzi za mkoloni. Kwa hiyo Mama mdogo hakushangaa kuambiwa kwamba ukoo ni kitu kimoja na anayechukua mzigo ni mwingine. Alisema tu, “Basi dawa yangu haijui undugu.”

Halafu akaniambia alichokuja kuniambia. Alikuwa na siku nne hajameza.

Si kwa kusahau. Alikuwa amesikia kwa mtu kliniki kwamba rangi hurudi ukiacha, na harusi ya binti yake ilikuwa mwezi ujao. Alitaka asimame siku ya kupokea wageni akiwa na uso wake. Hesabu yake ilikuwa wiki tano bila kidonge, apige picha, arudi kwenye dawa.

Hapo biokemia ikaacha kuwa hadithi ya barazani. Ile ABL iliyokwama haiendi likizo. Ukiondoa dawa, karani anarudishiwa muhuri siku hiyo hiyo, na seli zilizobaki zinaanza kuzaana. Wapo wagonjwa wanaoachishwa dawa kwa mpango, baada ya miaka ya vipimo vinavyoonyesha ugonjwa umeshuka chini kabisa, na hata hao hupimwa mara kwa mara baada ya kuacha, maana wengi hurudiwa. Yeye alikuwa na mwaka na nusu tu. Tena kuna hatari ya seli zilizobadilika. Kwenye ABL kuna nafasi ya 315, penye asidi ya amino iitwayo threonini, mlangoni kabisa mwa kishimo. Ikibadilika kuwa isolusini, herufi moja tu, imatinibu haiingii tena. Mabadiliko hayo yalielezwa mwaka 2001, mwaka ule ule dawa ilipoidhinishwa. Kadiri seli za ugonjwa zinavyozaana nyingi, ndivyo bahati nasibu hiyo inavyochezwa mara nyingi. Ipo dawa ya pili, dasatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2006 na ambayo humkamata hata SRC, lakini mlango huo wa 315 nao unaishinda.

Nilimwambia hayo yote bila kupunguza. Kisha nikampigia nesi wa kliniki yake, nikampa simu waongee. Nesi alimwambia ale, ameze leo, na kesho asimeze viwili kufidia. Akamwambia pia kwamba rangi ile wanaiona kwa wagonjwa wengi, na kwamba angepaswa kuambiwa mapema. Mama mdogo alikula ugali na mchicha saa tatu ya usiku, akameza.

Huko kliniki ndiko swali la pesa liliko pia. Kidonge hiki kilipotoka kilikuwa na bei ambayo Kikoneni nzima isingeweza kuchanga. Mapema miaka ya 2000, Novartis na Max Foundation walianzisha mpango wa kuwapa bure wagonjwa wasio na uwezo, na kwa Kenya kliniki yake ilikuwa Nairobi Hospital. Kampuni za India nazo zilitengeneza ya bei nafuu, na mwezi wa Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza mpya ya dawa hiyo. Vita hivyo vya mawakili wa mbali ni sehemu ya sababu kidonge kinaweza kufika kwenye kabati la jikoni la muuza mahamri. Kinachobaki ni nauli: matatu hadi barabara kuu, Ukunda, Likoni, feri, kisha basi la usiku. Kila miezi mitatu.

Harusi ilifika. Alisimama mbele, amejifunga leso mpya, uso wake wa rangi ya chai ya maziwa hauna poda. Wifi yake alikuwa pembeni. Mama mmoja kutoka Lunga Lunga, asiyejua mambo yetu, akamsifu: ati dada, unang'aa, watumia nini? Kimya kidogo kikapita. Mama mdogo akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapishi: “Nameza dawa ya saratani ya damu. Rangi imepita na hiyo. Karibu chakula.”

Wapo waliosema amejianika. Wapo waliokuja siku za baadaye kumwuliza kwa kunong'ona, mmoja juu ya mumewe mwenye bandama iliyovimba na vipimo vya malaria visivyoonyesha kitu. Huyo alimwandikia kwenye karatasi jina la kipimo cha kuhesabu chembe za damu na mahali pa kukifanya.

Majibu yake ya mwisho yalionyesha BCR-ABL imeshuka tena. Ngozi bado iko vile vile. Safari ijayo ni tarehe kumi na nne. Vidonge vimebaki kumi na saba, nimevihesabu mwenyewe juu ya sinia, na yeye akavihesabu tena baada yangu.